Faili la Wifi na Vyuo Vinne

Meza yangu ya kukatia vitambaa ina urefu wa mita mbili, na hakuna mtu katika nyumba hii anayeruhusiwa kuweka hata kikombe juu yake. Kaka yangu anajua. Watoto wake wanajua. Hata paka wa jirani anajua. Kwa hiyo nilipotoka chumbani Jumamosi ile asubuhi nikakuta mafaili manne yamepangwa juu ya meza hiyo, kila moja na kibandiko cha rangi yake, nilijua bila kuuliza kwamba wifi yangu ana jambo, na jambo lenyewe si dogo.

Niseme mapema, mimi na wifi hatukuanza vizuri. Mimi ni fundi cherehani. Napenda vitu vyangu vilale pale nilipovitupa, maana nikivitupa mwenyewe navijua vilipo. Yeye ni karani wa masjala ya hospitali, chumba kile wanamotunza mafaili ya wagonjwa, na alipoipata kazi hiyo akaileta mpaka nyumbani. Wiki ya kwanza alibandika majina kwenye makopo ya jikoni. Wiki ya pili akazipa nyuzi zangu nambari. Nilinuna siku tatu nzima, na siku ya nne nikajikuta namuuliza ile bluu ya bahari ni nambari ngapi.

Ana tabia nyingine iliyokuwa ikinikera kupita zote. Akikosea kuandika, hafuti. Hata iwe orodha ya kwenda sokoni. Anapitisha mstari mmoja tu katikati ya neno, lile la zamani lisomeke, anaandika jipya, halafu anatia sahihi pembeni. Sukari, mstari, chumvi, sahihi. Siku moja nikamuuliza anamwogopa nani, muuza nyanya? Akanijibu kwa upole wake ule unaoudhi kwamba kwenye faili hakuna kufuta, kwa sababu atakayekuja kusoma ana haki ya kujua ulikosea wapi. Huko hospitali wanamwita Bi Faili, na wala hakasiriki.

Jambo lake la Jumamosi lilikuwa hivi. Mkuu wa masjala, mama mmoja mzito wa maneno ambaye watu wote wanamwita Mama Kimya, alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Tangazo la nafasi yake lilikuwa limebandikwa ukutani. Anatakiwa mtu mwenye shahada ya kwanza, au mwenye barua ya chuo inayoonyesha yuko mwaka wa mwisho wa shahada. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe ya mwisho ya mwezi. Tulikuwa na wiki tatu na siku mbili. Asipokuwa na barua hiyo, ataletwa mtu kutoka nje, na wifi atabaki kumfundisha bosi wake mahali mafaili yalipo.

Sasa hapa ndipo roho yangu inaposutwa, kwa hiyo nitasema haraka nipite. Wifi aliwahi kusoma chuo miaka miwili kamili, kati ya mitatu. Alikuwa anasoma utunzaji wa kumbukumbu, tena kwa masafa, vitabu vikija kwa posta na mitihani akienda kuifanyia mjini. Halafu kaka yangu, ambaye ni fundi bomba, akaanguka kutoka kwenye tangi la maji akavunjika mguu, na wifi wakati huo alikuwa na mimba ya mapacha. Tulikaa kikao cha familia. Watu walikuwa wanazungukazunguka, kila mtu anaogopa kusema. Mimi ndiye niliyesema. Nilisema mke wa mtu mwenye mimba na mume kitandani anasoma nini tena, si atafute kazi. Akainama, akasema sawa wifi. Mwezi uliofuata akapata kazi masjala. Ilikuwa imepita miaka kumi na moja, na hajawahi kunikumbusha hata kwa utani. Ni afadhali angenikumbusha.

Kwa hiyo asubuhi ile sikugomba. Nilivuta kiti nikamwambia nieleze.

Akanieleza. Kila somo ulilofaulu lina uzito wake, na uzito huo wanauita krediti. Ukitoka chuo kimoja kwenda kingine, hicho kipya ndicho kinachoamua krediti ngapi kitazipokea na ngapi kitazitupa. Nilielewa mara moja. Ni kama mteja anayeniletea gauni lililokatwa na fundi mwingine likaishia njiani. Naweza kulimalizia, naweza kuokoa mikono tu, au naweza kumwambia dada yangu, hiki kitambaa kimeshaharibika, nenda kanunue kingine. Yeye alikuwa anatafuta fundi wa kulimalizia gauni.

Chuo chake cha zamani kilishafungwa. Ofisi iliyorithi makaratasi yake ilimpa transkripti, yaani ile karatasi ya masomo na maksi, na hiyo alikuwa nayo. Alikuwa amechagua vyuo vinne vinavyofundisha kwa masafa, na amekifungulia kila kimoja faili kama mgonjwa. Juu kabisa ameandika anasumbuliwa na nini. Chini yake vipimo. Chini ya vipimo, ushauri. Kila siku saa nne asubuhi, wakati wa chai, alikuwa anakimbia nyumbani mara moja kutoka kazini, anavipigia simu vyote vinne na kuandika zimepita dakika ngapi kabla ya mtu kupokea.

Cha kwanza tulikiita Chuo cha Muziki, kwa sababu ukipiga unawekewa kinanda mpaka chai inapoa. Siku ya tatu kijana mmoja akapokea. Akasema chuo chao hakipokei krediti zilizozidi miaka kumi. Za wifi zilikuwa na kumi na moja. Nikamnyang'anya simu nikamuuliza huyo kijana kama elimu nayo inachacha. Akanirudisha kwenye kinanda.

Cha pili tukakiita Chuo cha Nusu. Watu wazuri, wana adabu, wanakuita mama kila baada ya maneno mawili. Lakini kanuni yao ni kwamba wanapokea nusu ya chochote utakacholeta, basi. Wifi akapiga hesabu zake, ikatokea kwamba ataangukia mwanzoni mwa mwaka wa pili. Ada nafuu, walimu wapo, ila tangazo la hospitali halimtaki mtu wa mwaka wa pili. Akaandika kwenye faili lao: dawa nzuri, ugonjwa mwingine.

Cha tatu kilikuwa Chuo cha Haraka, na hapa niliona haya ambayo mpaka leo mapacha wananitania. Wifi alituma barua pepe, na baada ya dakika kumi wakajibu. Wamezipokea krediti zote. Wanamweka mwaka wa mwisho. Barua ataipata kesho. Mimi nilipiga kigelegele mpaka jirani wa kushoto akachungulia dirishani. Nikavua kanga nikajifunga kiunoni, nikacheza kuizunguka meza ya kukatia, nikamwambia wifi haya funga mafaili yako unipishe nina suti ya kukata. Yeye kakaa tu, anaisoma ile barua mara ya pili.

"Wifi," akaniambia, "wanasema wameyapitia matokeo yangu na ni mazuri sana."

"Si umeyasikia mwenyewe?"

"Niliwatumia kadi ya chanjo ya mapacha."

Alikuwa amefanya makusudi. Masjala ikipokea faili bila kulifungua, alisema, hiyo si masjala, ni stoo. Akaenda kwenye orodha ya vyuo vinavyotambuliwa, akaitafuta kutoka juu mpaka chini, jina hilo halimo. Nikaifungua kanga taratibu nikajitanda vizuri. Kaka yangu alikuwa mlangoni na spana yake mkononi, kacheka mpaka akakaa chini.

Kikabaki cha nne, Chuo cha Maswali. Pale kulikuwa na mama mmoja wa udahili ambaye sauti yake tu ilikufanya ukae wima. Hicho hakikujali krediti zina miaka mingapi. Kilikuwa tayari kupokea mpaka theluthi mbili ya shahada nzima, na kwa hesabu ya wifi hiyo ilimfikisha mwaka wa mwisho bila kusukumwa. Lakini mama yule aliuliza. Kila somo lilikuwa na saa ngapi, vitabu gani vilisomwa, mwanafunzi alipimwa vipi. Jina la somo halinitoshi, alisema, nataka muhtasari wa kila somo, zile karatasi mlizokuwa mkipewa mwanzoni mwa muhula, zikiwa na muhuri wa chuo. Wifi akawa anaandika huku anatabasamu, kwa maana alikuwa amekutana na mtu wa aina yake. Akafika kwenye neno muhuri, kalamu ikasimama.

Alipokata simu nilimuuliza karatasi hizo ziko wapi. Akafunika kalamu yake, akanieleza.

Miaka ile kumi na moja iliyopita nyumba hii ilikuwa inavuja. Nilikuwa nasogeza cherehani yangu kila mvua ikinyesha. Mapacha walipozaliwa na kuanza kutambaa, karatasi yoyote waliyoifikia waliila, waliwahi kula hata cheti cha ndoa pembeni. Wifi alikuwa na karatasi zake za chuo, mihtasari yote ya miaka miwili na mihuri yake, pamoja na matokeo ya mitihani, na hakuona mahali salama chini ya jua. Akafanya kitu ambacho mtu mwingine yeyote mwenye akili zake asingefanya. Alichukua jalada jipya la hospitali, akatia karatasi zake ndani, akaliandikia nambari inayofuata, akalipanga kwenye rafu katikati ya wagonjwa. Kwake yeye hakukuwa na mahali salama zaidi duniani. Benki ingemshangaa.

Nikamwambia basi vizuri, kesho nenda kalichukue.

Akanieleza kwa nini si vizuri. Masjala ina sheria. Faili ambalo mgonjwa wake hajaonekana kwa miaka saba linahamishiwa rafu ya waliolala, na rafu hiyo ikijaa linachomwa moto. Miaka minne iliyopita waliisafisha rafu hiyo, siku mbili tanuru linawaka, na yeye hakuwepo, alikuwa likizo ya uzazi wa kitindamimba wetu. Alirudi akakuta nafasi nyeupe, akafurahia jinsi palivyo pasafi. Hakukumbuka. Alikuwa ameshajizoesha kutoikumbuka shule, na alipojizoesha alisahau na karatasi zake.

"Wifi, wameshanichoma," akasema, na machozi yakamtoka hapo hapo kwenye meza yangu. Sikumwambia afute.

Jumatatu alitafuta. Hakulikuta kwenye rafu aliyoliweka, hakulikuta kwa waliolala. Orodha ya yaliyochomwa ilikuwepo, lakini imo ndani ya kabati la Mama Kimya, na ufunguo anao Mama Kimya. Nikamwambia si umuulize. Hapo ndipo mtihani ulipokuwa. Kuweka karatasi zako binafsi kwenye rafu za wagonjwa na kujipa nambari ya hospitali ni kosa, tena kosa la kuandikiwa barua. Ataendaje kwa mkuu wake kukiri kosa hilo, wakati anaomba kiti cha mkuu huyo huyo? Na kama lilishachomwa, atakuwa amekiri bure.

Zaidi ya hapo alikuwa anaamini Mama Kimya hampendi. Katika miaka kumi na moja hajawahi kumwambia umefanya vizuri. Akipelekewa kazi anaitazama, anaguna, anaiweka upande. Wifi alikuwa anaigiza ile miguno mezani, kuna mguno wa asubuhi na mguno wa mwisho wa mwezi, na watoto walikuwa wanaijua yote.

Siku zikaanza kuondoka. Jumanne hakusema, Jumatano hakusema. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani naona kile kikao, naisikia sauti yangu ikisema mke wa mtu anasoma nini tena. Alhamisi nilikuwa nimemaliza aproni ishirini za jiko la hospitali. Kwa kawaida nampa kaka yangu azipeleke. Siku hiyo nilijitwisha mwenyewe, nikavaa viatu vya kutokea, nikazishusha jikoni, halafu nikanyoosha moja kwa moja mpaka masjala.

Sikuwahi kuingia humo. Ni chumba kirefu chenye ngazi za magurudumu, rafu kutoka sakafuni mpaka darini, na kimya cha namna ambayo unasikia viatu vyako mwenyewe. Wifi aliponiona rangi ilimpotea. Nikamwendea nikamshika mkono, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba tunakwenda sasa hivi, na kama hataki kusema nitasema mimi, na anajua mimi nikisema nasema vipi. Hilo lilimtisha kuliko Mama Kimya. Akanitangulia.

Mama Kimya alikuwa amekaa mwisho wa chumba, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, nyuma ya meza isiyo na kitu ila kalamu mbili na kidau cha muhuri. Nyuma ya mgongo wake kulikuwa na rafu ndogo ambayo wifi alishaniambia hakuna karani anayeigusa, ni ya kesi za polisi na mahakama. Tukamwamkia, akaitikia kwa kichwa. Wifi akasimama mbele yake na kusema yote. Hakuzunguka. Alisema lini aliliweka, kwa nini aliliweka, nambari yake, na kwamba anajua ni kosa. Alisema anaomba tu kuangaliziwa kwenye orodha kama lilichomwa, ili aache kutafuta.

Mama Kimya aliguna. Sikuujua mguno huo, haukuwa kwenye orodha yetu ya nyumbani.

Hakwenda kwenye kabati la orodha. Alikigeuza kiti chake, akanyoosha mkono kwenye ile rafu ya nyuma yake, na bila kutafuta akachomoa faili moja, akaliweka mezani, akalisukuma mbele ya wifi kwa vidole viwili.

Lilikuwa ni lile. Ndani karatasi zake zimo, kavu, zimenyooka, mihuri ya chuo inasomeka. Lakini wifi hakuangalia ndani. Alikuwa anaangalia jalada, pale penye mistari ya kuandika kila mgonjwa anapokuja. Mistari kumi na moja ilikuwa imeandikwa, kila mwaka mstari mmoja, wiki ya kwanza ya Januari, kwa mwandiko mdogo uliosimama. Tarehe, muhuri, na maneno yale yale: bado yuko kwenye matibabu.

"Nililikuta mwaka wako wa kwanza," Mama Kimya akasema. "Unafikiri nambari inaongezeka humu ndani mimi nisijue? Faili likikaa miaka saba bila kufunguliwa linachomwa. Sheria hiyo niliiandika mimi. Kwa hiyo nikawa nalifungua."

Wifi akawa anapitisha kidole kwenye ile mistari, mmoja mmoja.

"Kila Januari nilifikiri mwaka huu atakuja kumchukua mgonjwa wake," akaendelea. Akavua miwani akaifuta. "Umechelewa. Na maksi zako za somo la takwimu ni aibu."

Nacheka ninapoandika hapa, lakini siku ile sikucheka. Nilikaa juu ya ngazi ya magurudumu bila kuambiwa karibu, nikalia kwa sauti ndani ya chumba kile cha kimya, na ngazi ikaanza kuondoka na mimi. Karani mmoja alikuja mbio kuishika. Wifi naye alikuwa amemshika Mama Kimya mkono na hauachii, na Mama Kimya kauacha mkono wake hapo hapo huku anaangalia pembeni, kama mtu anayesubiri sindano ipite.

Jioni ile tulizipiga picha karatasi zote kwa simu, mapacha wakishika kona zisijikunje, kaka yangu akishika taa ingawa jua lilikuwa bado halijazama, alitaka tu naye awe na kazi. Zikaenda kwa mama wa udahili wa Chuo cha Maswali. Kesho yake akauliza maswali saba. Wifi akayajibu. Akauliza mengine matatu. Wifi akayajibu nayo, na akamwonyesha kwamba ukurasa wa nne wa somo moja una kosa la tarehe ambalo ni la chuo wala si lake. Baadaye mama yule alikuja kutuambia kwamba kwa hilo kosa la tarehe ndipo alipojua anazungumza na mtu mkweli.

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, nilikuwa nakata shati la mwalimu wa jirani. Simu ya wifi ililia mezani, akaichukua, akasoma, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, wifi, wamezipokea zote isipokuwa ya takwimu, niko mwaka wa mwisho. Mkasi wangu ulikuwa katikati ya kitambaa na ukaendelea mpaka upande wa pili. Mwalimu yule anavaa shati la mikono mifupi mpaka leo na anaamini ndivyo alivyoagiza. Safari hii nilicheza bila kanga, na wifi alicheza pia, sijawahi kumwona akicheza, anacheza vibaya mno na kwa mpangilio.

Maombi yakaingia na barua yake. Wakamwita kwenye usaili, wakamuuliza atafanya nini mwanzo akiwa mkuu. Akasema atapitia sheria ya miaka saba. Wakampa nafasi, kwa sharti kwamba shahada aimalize ndani ya mwaka. Kaka yangu alipaka rangi sebule nzima kwa furaha, hakuna aliyemwomba.

Siku ya mwisho ya Mama Kimya kazini, wifi aliniambia nije na nisiulize. Nikaenda. Meza ilikuwa ile ile, kalamu mbili na kidau, na katikati limelala lile faili. Mama Kimya akaeleza kwa maneno machache kadiri alivyoweza kwamba hawezi kuondoka akaacha mgonjwa hewa kwenye rafu zake, na kwamba faili halitoki masjala mpaka mgonjwa aruhusiwe. Akamgeuzia wifi jalada. Wifi akaandika tarehe kwenye mstari wa kumi na mbili, halafu akaandika: ameruhusiwa.

"Amepona?" Mama Kimya akauliza.

"Bado takwimu."

"Basi andika tarehe ya kurudi kliniki."

Wifi akaandika tarehe ya mtihani. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kutafuta leso. Mama Kimya akanisukumia mimi lile faili kwa vidole viwili. Chini kabisa kulikuwa na nafasi mbili, jina la anayemchukua mgonjwa, na uhusiano wao. Mgonjwa haondoki hapa peke yake, alisema, lazima mtu wake amchukue. Wifi alikuwa ananiangalia.

Nikachukua kalamu moja. Nikaandika jina langu. Kwenye uhusiano nikaandika wifi. Nikaliangalia lile neno, nikakumbuka kikao, nikaona siwezi kuliacha. Nikaomba kifutio.

"Humu hatufuti," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Basi nikapitisha mstari mmoja katikati, lile la zamani lisomeke. Mbele yake nikaandika dada, na pembeni nikatia sahihi.